Bandari ya Tanga: Awamu Mbili, Kipimo Kimoja

Na Mwandishi Wetu, Tanga

Kwa miaka mingi meli kubwa zilizofika Tanga hazikuweza kufunga gati. Kutokana na kina kifupi cha maji, zilitia nanga umbali wa mita 1,700 kutoka gatini. Shehena ilishushwa kwanza kwenye matishari, ikavutwa hadi gatini, kisha ikapakuliwa tena. Mzigo mmoja ulihudumiwa mara mbili, na gharama yake ikamwangukia mwenye mzigo.

Ili kuondoa adha hiyo, Serikali kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) ilitekeleza mradi wa maboresho wenye thamani ya shilingi bilioni 429.1. Awamu ya kwanza, iliyoanza mwaka 2019 kwa shilingi bilioni 172.3, ilihusu kuongeza kina cha lango la kuingilia na sehemu ya kugeuzia meli kutoka mita 3 hadi mita 13, pamoja na ununuzi wa mitambo. Awamu ya pili, ya shilingi bilioni 256.8, ilihusu uboreshaji wa gati mbili zenye urefu wa mita 450.

Kugawanya mradi hurahisisha usimamizi: kila awamu huwa na bajeti, mkataba na ratiba yake, na kasoro hubainika kabla fedha zote hazijatumika. Hata hivyo, awamu inaweza kukamilika bila mwananchi kuona nafuu aliyoitarajia. Lango lenye kina cha mita 13 halitoshi iwapo maji ya mbele ya gati ni mafupi; meli itasogea karibu zaidi, lakini matishari yataendelea kuhitajika.

Kwa sababu hiyo, mipango midogo hufungwa pamoja kwa vipimo vya pamoja. Kina anachofikia mchimbaji ndicho anachozingatia mjenzi wa gati. Mkono wa kreni inayonunuliwa lazima ufike upande wa pili wa meli inayotarajiwa, na sakafu ya gati ihimili uzito wa kreni hiyo.

Baada ya awamu zote mbili kukamilika, meli kubwa sasa hufunga gati moja kwa moja. Hivyo, mwananchi anaposikia kuwa awamu ya mradi imekamilika, ni vyema aulize pia inategemea awamu ipi ili huduma imfikie.