Rangi Zilizotoka Jukwaani

Karibu miaka 300 iliyopita, wajukuu zangu, palikuwa na mchezaji mmoja mjini Paris aliyeitwa Marie Camargo. Alikuwa mwepesi wa miguu kupita kiasi. Aliruka juu, na kabla hajatua aliipishanisha miguu hewani mara kadhaa, ufundi ambao zama hizo ulihesabiwa kuwa wa wanaume. Taabu yake ilikuwa gauni. Wanawake wa baleti walivishwa kama mabibi wa ikulu, magauni mazito ya kuburura, ndani yake mna fremu ya kuyatanua. Mtu akicheza, watazamaji waliona kitambaa kikitikisika, basi. Camargo akakata pindo la gauni lake mpaka vifundo vya miguu vikaonekana. Watu wakanong'ona, wengine wakaudhika, lakini tangu siku hizo ile miguu ilikuwa imeshaonekana.

Kukata pindo ni jambo dogo kwa fundi cherehani. Lakini hadithi nzima ya mavazi ya baleti ni ugomvi wa namna hiyo hiyo: mwili unataka kwenda, nguo inataka kuushika. Na kila mara mwili uliposhinda jukwaani, hazikupita siku nyingi kabla wanawake wa mitaani nao hawajaanza kuzikagua nguo zao.

Mwaka 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide kwenye Opera ya Paris. Alikuwa kiumbe wa hewani mwenye mabawa madogo mgongoni, amevaa gauni la melimeli nyeupe lililoishia chini kidogo ya magoti, akisimama kwenye ncha za vidole kana kwamba hana uzito. Gauni lile lilipendwa mno, na kwa miaka mingi wachezaji wote walitaka weupe wa aina ile.

Weupe huo ulikuwa na hatari yake. Majukwaa yalimulikwa kwa taa za gesi, moto wenyewe uko wazi, na melimeli ikigusa moto haingoji. Ilikuwapo dawa ya kuchovya nguo isishike moto, ila ilikikakamaza kitambaa na kukifubaza, kwa hiyo wachezaji wengi hawakuitaka. Emma Livry, binti aliyefundishwa na Taglioni mwenyewe, aliikataa. Novemba 1862, wakati wa mazoezi, sketi yake ilishika moto kwenye taa ya jukwaani. Alikuwa na miaka 20. Aliishi na majeraha yale kwa miezi minane, akafariki Julai 1863. Nawaambieni jambo hili zito ili mjue kwamba anayeshona nguo za jukwaani ameshika uhai wa mtu mkononi.

Kufikia mwisho wa karne ile, nchini Urusi, sketi ilikuwa imefupishwa ikawa tutu: shashi ngumu, tabaka juu ya tabaka, iliyosimama kiunoni ili miguu yote ionekane. Ilikuwa ushindi mkubwa kwa miguu. Ila tutu nayo ikageuka sare. Hadithi iwe ya Misri, iwe ya India, mchezaji mkuu alitoka na tutu yake ile ile, kiuno kimebanwa vile vile.

Huko barabarani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwanamke wa tabaka la juu wa Paris au London mwaka 1900 alianza asubuhi kwa kuvaa korseti, fulana ngumu yenye vijiti vya chuma au vya mfupa wa nyangumi, ambayo mtumishi aliikaza kwa kamba mgongoni. Kifua kikasukumwa mbele, makalio yakasukumwa nyuma, kiuno kikabaki chembamba kisivyo kawaida. Kuinama kuokota kitambaa cha mkono ilikuwa kazi. Na rangi za magauni zilikuwa za kupooza: waridi iliyofifia, zambarau iliyochujuka, rangi ya malai.

Ndipo alipokuja Sergei Diaghilev. Mrusi huyu hakuwa mchezaji, wala mtunga muziki, wala mchoraji. Kipaji chake kilikuwa kuwatambua wenye vipaji na kuwafungia chumba kimoja mpaka watoe kitu. Mei 1909 alileta Paris kikundi kilichojulikana kama Ballets Russes, na miongoni mwa watu wake alikuwamo mchoraji Léon Bakst, mzaliwa wa Grodno, mji ulioko leo Belarus.

Bakst hakuchora nguo iliyotundikwa. Tazameni michoro yake popote mtakapoiona: mtu yuko katikati ya kugeuka, kilemba kinayumba, suruali imejaa upepo, ncha za mshipi zinaruka. Alianza na mwendo, kisha akatafuta kitambaa kitakachoufuata.

Juni 1910 kikundi kilicheza Schéhérazade kwenye Opera ya Paris. Hadithi yake mnaijua, maana ni ya Alfu Lela Ulela: mfalme Shahriari anaaga kwamba anakwenda kuwinda, mkewe na wanawake wa jumba wanawafungulia watumwa milango, kisha mfalme anarudi ghafla na upanga. Pazia lilipofunguka, watu waliona kwanza rangi. Kijani cha zumaridi kilitanda jukwaa zima, na juu yake chungwa, buluu na nyekundu, rangi ambazo mafundi wa Paris waliamini hazikai pamoja. Wanawake jukwaani hawakuwa na korseti wala tutu. Walivaa suruali pana za kitambaa chepesi, mikanda kiunoni, shanga na lulu zinazocheza mwili ukicheza. Sehemu kubwa ya nakshi zile haikuwa tarizi ya kweli. Mafundi walipaka rangi juu ya kitambaa, kwa mkono au kwa karatasi iliyotobolewa, kwa sababu Bakst alijua kwamba aliyekaa mbali haoni uzi, anaona rangi.

Paris ikashikwa. Matakia ya chungwa na zambarau yakaingia sebuleni, vilemba vikaingia kwenye karamu, masonara wakaanza kupanga zumaridi kando ya yakuti za buluu.

Mwaka uliofuata, Aprili 1911, Bakst alimvisha mchezaji wa kikundi, Vaslav Nijinsky, vazi ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Baleti yenyewe, Le Spectre de la rose, ni fupi: msichana amerudi kutoka dansini, amesinzia kitini na ua la waridi mkononi, na roho ya ua hilo inaingia kupitia dirishani kumchezea. Vazi lilikuwa la hariri ya kuvutika iliyobana mwili kama ngozi, na Nijinsky alishonewa likiwa mwilini. Juu yake zilishonwa petali za hariri, waridi, nyekundu na zambarau, nyingine zimelala, nyingine zimesimama nusu kana kwamba zinataka kudondoka. Fundi wa kikundi alizipitia kabla ya onyesho na kuzikunja upya kwa koleo la moto la kutengenezea nywele, zisionekane zimenyauka. Kisha Nijinsky akaruka nje ya dirisha, na watazamaji wakaapa kwamba hawakumwona akitua.

Je, Bakst peke yake ndiye aliyezifungua kamba za korseti? Hapana. Mcheza dansi wa Kimarekani, Isadora Duncan, alikuwa tayari anacheza pekupeku kwa vazi jepesi la mtindo wa Wagiriki wa kale, na Warusi walimwona. Pale pale Paris palikuwa na mshonaji Paul Poiret, mtoto wa muuza vitambaa, aliyefungua duka lake mwaka 1903. Kufikia 1906 alikuwa anashona magauni yaliyoning'inia kutoka chini ya kifua, yasiyohitaji korseti ya kubana kiuno. Poiret alikasirika kila alipoambiwa kwamba amemwiga Bakst. Kwa vilemba, alisema, alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la London kuvitazama vile vya India. Mimi namwamini, ingawa naamini pia kwamba bila Schéhérazade wateja wake wangechelewa kuthubutu.

Poiret huyo huyo akaleta mwaka 1910 sketi iliyobana chini, kwenye vifundo, hata mwanamke akatembea kama mtoto kwenye mbio za magunia. Alikiri baadaye kwamba alikifungua kifua akaifunga miguu. Juni 1911 aliwaalika watu wapatao 300 kwenye karamu aliyoiita ya usiku wa elfu moja na mbili, na aliyefika bila vazi la Kiajemi alipewa la kubadilisha. Mkewe, Denise, alikaa kwenye kizimba cha dhahabu amevaa suruali pana. Suruali! Magazeti yalipiga kelele kwamba mwanamke wa heshima hawezi kuvaa suruali.

Hapa nasimama kidogo. Zanzibar wanawake wa heshima walikuwa wamevaa suruali muda mrefu. Binti wa Sultan Said, Salme, aliyekwenda kuishi Ujerumani, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1886, na picha zake zipo: kanzu juu, suruali chini mpaka vifundoni. Ilikuwa nguo ya kila siku. Mashariki ya Bakst na Poiret ilikuwa ya kubuni, imechanganya Uajemi, India na Uarabuni, na watumwa wake waliigizwa na watu waliopakwa rangi mwilini. Uzuri wa vitambaa vile nauona. Lakini utumwa uliokuwa umeumiza watu halisi, wa pwani yetu wakiwamo, pale ulikuwa pambo la jioni, na sitaki mzitazame picha hizo bila kulijua hilo.

Mei 1913 Diaghilev aliwatibua watu kwa njia nyingine. Katika baleti ya Le Sacre du printemps, mchoraji Nicholas Roerich aliwavisha wachezaji kanzu nzito za sufu zenye michoro ya Urusi ya kale. Ukumbi ulijaa zomeazomea, kwa sababu ya muziki na hatua za dansi zaidi ya nguo. Kanzu kadhaa za kikundi kile zimesalia mpaka leo, London kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert na Canberra, Australia. Kwa ndani utakuta majina ya wachezaji yameandikwa kwa wino, na madoa ya jasho.

Kisha vita vya 1914 vikaja. Wanawake wakaingia viwandani na hospitalini, sketi zikapanda, na mshonaji Gabrielle Chanel akaanza kushona nguo kwa kitambaa cha kufumwa ambacho awali kilitumika kwa fulana za ndani za wanaume. Mwaka 1924 Diaghilev akampa kazi ya kuvisha Le Train Bleu, baleti ya vijana wa ufukweni, waogeleaji, mcheza gofu, mcheza tenisi. Chanel hakubuni nguo za ajabu. Aliwavisha nguo za michezo za wakati ule ule: suti za kuogelea za sufu iliyofumwa, viatu vya mpira, sweta. Viatu vile havikuwa rafiki wa mchezaji. Lydia Sokolova, Mwingereza aliyevaa suti ya waridi, alitiwa hereni kubwa za lulu bandia, nzito, zilizomziba masikio hata akapata shida kuusikia muziki. Vazi halikubadilishwa, maana waliokaa ukumbini walivaa hivyo hivyo wakienda pwani.