Umeme Uliopiga Jazz: Safari ya Mlio wa Gita kutoka Tabora hadi Kaliua

Miaka ya 1970, mpenzi wa dansi aliyeishi Kaliua alikuwa jirani wa Tabora Jazz, kilomita mia na ushei tu kwa reli. Hata hivyo, mara nyingi sauti ya bendi hiyo ilimfikia kwa kuzunguka mbali. Ilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarushwa hewani, kisha ikarudi magharibi zaidi ya kilomita 800 hadi kwenye redio yake ya betri. Njiani mlio wa gita uligeuka umeme, ukawa sumaku, ukawa wimbi la redio, ukarudi kuwa umeme. Leo tukitaja muziki wa elektroniki tunafikiria kompyuta, na wazee wa bendi kama hiyo hatuwahesabu. Fizikia inasema wamo, tena mstari wa mbele.

Tabora ilikuwa mahali pazuri pa kukutania. Njia ya misafara ilipita hapo, na reli ikafika mwaka 1912, kisha ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Baadaye Kaliua ikawa njia panda ya treni za Kigoma na Mpanda. Mjini Tabora kulikuwa na bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Mwimbaji Shem Karenga alitokea Kigoma, ambako rumba ya Kongo ilikuwa ikivuka ziwa, akaja kuipa Tabora Jazz jina kubwa. Neno “jazz” katika majina ya bendi lilikuwa na historia yake nchini tangu Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932, lakini kilichopigwa kilikuwa dansi: rumba, cha-cha na midundo ya nyumbani, muziki wa ukumbini, wa kucheza na wa kustarehe.

Tuanzie kwenye gita. Chini ya nyuzi zake za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa tano, ukifungwa kwa kawaida, hutetemeka mara 110 kwa sekunde. Kila mtetemo hutikisa uga wa sumaku, na mtikisiko huo huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya waya. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831. Amplifaya huukuza mkondo huo. Ikisukumwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya wimbi, na papo hapo huzaliwa milio mipya ya mitetemo 220, 330 na kuendelea. Ule ukali unaolifanya solo lipenye juu ya tarumbeta na ngoma ni mlio uliotengenezwa na saketi, wala haumo katika mbao za gita.

Studioni, mkondo uliingia kwenye kichwa cha kurekodia, ukapanga chembe za oksidi ya chuma zilizopakwa juu ya utepe wa plastiki. Kanda ikipita kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, kila mtetemo wa uzi ule wa tano unachukua chini ya milimita mbili. Dansi nzima inakuwa ramani ya sumaku.

Kisha redio. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi tabaka la hewa lenye chembe za umeme, kilomita mia kadhaa juu yetu, yakapindishwa na kushuka mbali na mtambo. Tabaka hilo halitulii. Mawimbi mawili ya njia tofauti yakifika pamoja huweza kujumlishana au kufutana, na wimbo ukapanda na kuzama. Msikilizaji wa Kaliua aliujua muziki huo ukiwa na kupanda na kuzama huko ndani yake.

Kizazi kilichofuata Dar es Salaam kiliacha hata uzi wa chuma. Muziki wa mchiriku ulitumia kinanda kidogo cha Casio, ambacho mlio wake huanzia ndani ya saketi, ukapitishwa kwenye spika za honi. Bendi ya Jagwa Music iliupeleka duniani kwa albamu Bongo Hotheads mwaka 2012. Mtindo wa singeli ukafuata kwa kompyuta na mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, na mwaka 2017 mkusanyo wake Sounds of Sisso ulitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Huo ni ukoo mmoja, na kila kizazi kimeukabidhi umeme kazi zaidi.

Kilicho hatarini ni ushahidi wa mwanzo wake. Gundi inayoshika chembe za sumaku kwenye kanda nyingi za miaka ya 1970 hunyonya unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Gundi ikioza, chembe hubanduka, na muziki hubanduka nazo. Dawa ipo: kanda inayonata hukaushwa kwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, huchezwa kwa uangalifu, kisha sauti hupimwa mara 96,000 kwa sekunde na kuhifadhiwa kama namba. Kazi hiyo inastahili fedha za umma kama makumbusho yanavyostahili. Nakala zake ziwafikie pia vijana wa Kaliua na Tabora wanaotengeneza midundo kwenye simu, maana solo la Tabora Jazz likifunguliwa ndani ya programu ni malighafi yao halali, nao ndio warithi wake.