Magari ya Umeme ya Detroit na Taabu ya Kuyatunza

Katika mji wa Detroit, ule ule uliojipatia sifa duniani kwa injini za petroli, kampuni ya William C. Anderson, ambayo awali ilikuwa ikiunda magari ya kukokotwa na farasi, ilianza mwaka 1907 kuunda magari ya umeme yaitwayo Detroit Electric, wala haikuiacha kazi hiyo hadi mwaka 1939, ikiwa imekwisha kuunda magari yapatayo 13,000. Clara Ford, mke wa Henry Ford, alikuwa na gari la namna hiyo la mwaka 1914, ilhali mumewe ndiye aliyekuwa akiijaza dunia magari ya petroli. Na gari lake lipo hata leo katika jumba la makumbusho la Dearborn, kando ya Detroit. Nimelitanguliza gari hilo kwa sababu watu wanaoyatunza magari haya wamegawanyika juu ya jambo moja kubwa, nalo ni kama lifaalo ni kuliweka gari chini ya paa, lisiguswe na mtu, au kulitia umeme na kulitoa barabarani. Mimi ni wa upande wa barabara, ingawa najua kwamba wenzetu wa upande wa pili nao wana hoja nzito.

Aingiaye ndani ya Detroit Electric hukuta chumba kidogo chenye vioo pande zote, viti vilivyovikwa kitambaa cha sufu, na pengine chombo cha maua kilichotundikwa pembeni. Dereva hakai mbele. Hukaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, na wageni wake huketi ubavuni mwake na mbele yake, aghalabu wakimwelekea yeye, hata ikambidi aitazame njia katikati ya mabega yao. Na hapo ndipo ibainikapo kwamba chombo hiki kiliundwa kwa ajili ya ziara na mazungumzo ya mjini kuliko safari za mbali. Usukani wa duara haumo. Imo mikono miwili ya chuma, mmoja mrefu, mfano wa kana ya jahazi, wa kuyaelekeza magurudumu, na mwingine mfupi, wa kuongeza na kupunguza mwendo hatua kwa hatua. Hakuna klachi, wala gia za kubadilisha, wala injini ya kuwashwa kwa kuzungushwa mkono. Mkono mfupi ukisogezwa, umeme hupita kutoka kwenye betri, zilizopangwa chini ya boneti ya mbele na ile ya nyuma, ukaenda kwenye mota iliyofungwa chini ya sakafu, na gari likaondoka kwa utulivu mkubwa, kengele yake ikilia kuwaonya waendao kwa miguu, ambao kwa kutosikia mngurumo hawana habari kwamba liko karibu.

Dereva stadi hujulikana kwa jicho lake, ambalo halibanduki kwa muda mrefu kwenye amita, yaani kipimo cha mkondo wa umeme. Kila sindano ipandapo, kama vile mlimani, au wakati wa kuondoka kwa pupa, betri hutoa umeme mwingi kwa mara moja. Na betri ya risasi ina tabia hii, kwamba ukiinyonya kwa haraka haikupi jumla ya umeme ambayo ingalikupa lau ungaliinyonya taratibu. Ndiyo sababu wenye kampuni walitangaza kwamba gari lao lingeweza kwenda kilomita zipatazo 130 kwa chaji moja, na katika jaribio moja likafika kilomita 340 hivi, bila shaka mikononi mwa mtu mwenye subira. Mwendo wake wa kawaida ni kilomita 32 kwa saa, au zaidi kidogo. Breki zake hushika magurudumu ya nyuma peke yake, na hili ni jambo la kuhofiwa katika barabara za leo, kwa kuwa dereva wa gari la kisasa aliye mbele husimama mahali ambapo gari la mwaka 1914 haliwezi kusimama. Kwa hiyo mwenye busara hulitoa asubuhi na mapema, katika njia zisizo na msongamano, na huwa na gari jingine nyuma yake la kumkinga.

Juu ya kuanguka kwa magari haya yamesemwa mengi, nami sitayarudia yote. Katika hesabu ya mwaka 1900, kati ya magari 4,192 yaliyoundwa Marekani, 1,575 yalikuwa ya umeme, na yale ya petroli hayakufika hata 1,000. Wala si kwamba umeme haukuwa na mbio, maana Mbelgiji Camille Jenatzy, tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, alipita kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme, jambo ambalo hakuna gari la namna yoyote lililokuwa limelifanya kabla yake. Lakini Ford Model T lilitoka mwaka 1908 kwa bei ya dola 850, na bei hiyo ikazidi kushuka, ilhali bei ya Detroit Electric ilipita dola 2,000. Kisha, mwaka 1912, Cadillac wakatia katika magari yao stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na ile adha ya kuzungusha injini kwa mkono, iliyowafanya wengi wayapende magari ya umeme, ikaondoka.

Turudi kwenye utunzaji, ambao ndio moyo wa jambo letu. Adui wa kwanza wa gari la umeme la kale ni kusimama. Betri ya risasi iliyoachwa bila chaji hufanya salfeti juu ya sahani zake, na salfeti hiyo ikikwisha kuwa ngumu, betri haifai tena kitu. Thomas Edison aliliona tatizo hilo, akashughulika kwa miaka mingi kutengeneza betri ya nikeli na chuma, ambayo haidhuriki kwa kuachwa tupu wala kwa kuchajiwa kupita kiasi, na ambayo wanunuzi wa Detroit Electric waliweza kuichagua tangu mwaka 1911 kwa kulipa zaidi. Nayo huishi miongo mingi, mradi maji yake yabadilishwe kwa wakati wake. Ila nayo hudhoofika kwenye baridi, na ichajiwapo hutoa hewa ya haidrojeni kwa wingi, ambayo cheche moja yatosha kuilipua. Basi ole wake achajiye ndani ya banda lisilo na madirisha.

Baada ya betri huja nyaya, ambazo ganda lake la mpira na kitambaa hukauka likapasuka. Kisha komyuteta ya mota, ile silinda ya vipande vya shaba ambayo brashi za kaboni husugua juu yake, na ambayo huhitaji kusafishwa na kulainishwa na mkono usio na haraka. Kisha mbao za bodi, na vioo vilivyopindwa, ambavyo kuvipata vingine ni kazi kubwa. Hapa ndipo hoja ya wale wa jumba la makumbusho ipatapo nguvu: kila safari hula kidogo ya kile kilichobaki, na kitambaa cha mwaka 1914 kikikwisha kukaliwa hata kikachanika, kitakachowekwa mahali pake kitakuwa cha leo, hata kikifanana nacho namna gani.

Nami nakubali, lakini naona ni wajibu kutofautisha sehemu na sehemu. Betri haikuwa kamwe amana ya gari. Tangu mwanzo ilihesabiwa kuwa kitu cha kuliwa na kubadilishwa. Ushahidi wa jambo hilo upo Hartford, katika jimbo la Connecticut, ambako tangu mwaka 1910 hadi 1924 kampuni ya umeme ya mji ule iliwahudumia wenye malori kwa betri zake yenyewe: mtu alinunua lori lisilo na betri, akalipia kwa kila maili aliyokwenda, na betri iliyokwisha chaji ikatolewa na nyingine ikatiwa. Madereva wa bodaboda za umeme wa Nairobi na Kigali, wanaoingia kituoni kubadilisha betri na kutoka baada ya dakika chache, watautambua mpango huo mara moja. Basi kuliwekea Detroit Electric betri mpya, kama zile za magari ya uwanja wa gofu, si kuliharibu, bali ni kulitendea kama walivyolitendea wenyewe wa kwanza.

Walakini sioni vyema kutiwa betri za lithiamu, ingawa wako waungwana wanaofanya hivyo kwa nia njema. Springi za gari hili zilipimwa kwa ajili ya uzito wa risasi; ukiuondoa uzito huo, gari huinuka, hurukaruka, na kupoteza ule mwendo wake wa taadhima ambao ndio tunaoutaka kuuhifadhi. Komyuteta, kidhibiti mwendo, vitambaa na mbao, hivyo visibadilishwe ila kwa dharura, na kilichotolewa kitiwe sandukuni pamoja na maandishi, kisitupwe.

Wako wanaoyaendesha hadharani. Jay Leno, mchekeshaji maarufu wa televisheni ya Marekani, ana gari la Baker la mwaka 1909, lililoundwa Cleveland, na hulitoa barabarani huko California. Linalonitia wasiwasi ni mafundi. Mtu ajuaye mota kubwa za mkondo mnyoofu, aliyepata kuzihudumia katika tramu au lifti za kale, ni mzee sasa, na elimu yake haimo vitabuni kwa ukamilifu. Lazima awepo kijana wa kusimama karibu naye na kuona jinsi anavyoigeuza brashi, anavyosikiliza, na anavyoitambua cheche ya kawaida na ile ya hatari. Na kijana huyo hawezi kufundishwa juu ya gari lililosimama, kwa kuwa cheche hizo hazionekani ila mota ikizunguka ikiwa imebeba mzigo wake.