Nyasi za Uwanja wa Mkapa Zipangiwe Ratiba

Mei 25, 2025, klabu ya Simba ilicheza mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco kwenye uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Ilikuwa imefungwa mabao mawili ugenini; ikatoka sare ya 1-1 na kombe likaenda Morocco. Mechi hiyo ilitarajiwa kupigwa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, uwanja wa watu 60,000 ambao Wanasimba wanaujua kwa kauli ya “Kwa Mkapa hatoki mtu”. Iliondolewa huko kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea baada ya mvua kubwa. Mwezi Machi Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilikuwa limekwisha kuufungia uwanja huo kwa muda kwa sababu hiyohiyo. Ukaruhusiwa kwa robo fainali dhidi ya Al Masry ya Misri mwezi Aprili, kisha nusu fainali dhidi ya Stellenbosch ya Afrika Kusini ikapigwa Zanzibar. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba matokeo yangekuwa tofauti. Hata hivyo, maelfu ya mashabiki walikosa fainali nyumbani kwao kwa sababu ya nyasi, na nyasi ni jambo la kupangwa. Ninachotetea hapa ni kwamba kubadilisha eneo la kuchezea mapema, kwa ratiba inayojulikana, ndiyo njia ya kuwalinda mashabiki na uwanja wao.

Tuanze na kinacholichosha eneo la kuchezea. Kwa vipimo vya kimataifa eneo hilo lina mita 105 kwa 68. Jukwaani tunaona majani, lakini kazi kubwa inafanyika chini yake: tabaka la mchanga la karibu sentimita 30 linaloshika mizizi, chini yake kokoto, kisha mabomba yenye matundu yanayoondoa maji. Kila mechi, viatu vinaushindilia mchanga huo. Vumbi, udongo laini na mabaki ya nyasi huziba nafasi ndogo zilizokuwa zikipitisha hewa na maji. Mizizi ikikosa hewa hubaki mifupi, na mchezaji akiteleza kuwania mpira anaondoka na kipande kizima. Nyasi za jamii ya ukoka, zinazotumika sana kwenye nchi za joto, hutambaa na kuziba majeraha yake zenyewe, ila zinahitaji jua, udongo uliotobolewa mara kwa mara, na siku za kupumzika. Mkapa hupata mapumziko kwa shida. Uwanja huo uliofunguliwa 2007 umekuwa ukizibeba Simba, Yanga na timu ya taifa, Taifa Stars, pamoja na hafla za kitaifa na matamasha. Juu ya hayo, masika ya Dar es Salaam huwa kati ya Machi na Mei, wakati uleule mashindano ya klabu ya CAF yanapoingia robo fainali, nusu fainali na fainali. Maana yake ni kwamba uwanja unadaiwa ubora wake wote katika miezi ambayo mifereji yake ya chini inaelemewa zaidi.

Ndiyo maana kubandika nyasi mpya juu ya tabaka lililochoka ni kuahirisha tatizo. Uwanja mpya wa Wembley, London, ulifunguliwa mwaka 2007, mwaka uleule na Mkapa, na ndani ya miaka mitatu nyasi zake zilibadilishwa takriban mara kumi huku wachezaji na makocha wakiendelea kulalamika. Nafuu ilikuja 2010, ulipowekwa mfumo wa nyasi asilia zilizoshonwa kwa nyuzi za plastiki zinazoisaidia mizizi kushika. Mwaka huohuo Afrika Kusini ilitumia mfumo wa aina hiyo kwenye viwanja vya Polokwane na Nelspruit wakati wa Kombe la Dunia. Funzo ni moja: anayebadilisha eneo la kuchezea aanzie kwenye mabomba na mchanga, ndipo afike kwenye majani.

Wapo watakaosema kwamba uwanja ni kumbukumbu, na kuufukua ni kuifukua historia. Hisia hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Mwaka 1977 mashabiki wa Scotland waliivamia Wembley ya zamani baada ya kuifunga Uingereza 2-1, wakachimba vipande vya nyasi na kwenda navyo kwao. Watu hawafanyi hivyo kwa kitu kisicho na thamani. Lakini nyasi walizozichukua hazikuwa zile za fainali ya Kombe la Dunia ya 1966. Zilikuwa zimekwisha kutunzwa, kuzibwa na kuoteshwa upya mara nyingi, na bado Wembley ilikuwa Wembley. Nyumba ya makuti huezekwa upya kila baada ya miaka michache, wala hakuna mtoto wa nyumba hiyo anayesema kwao kumehama. Mapenzi ya shabiki yamefungwa na mahali, na watu anaokaa nao jukwaani, na mambo yaliyotokea pale. Kinachoyajeruhi ni kuambiwa siku chache kabla kwamba mechi aliyoisubiri imevuka bahari.

Pingamizi la pili ni la gharama: kwa nini tusiweke nyasi bandia tukamaliza? Nyasi bandia zina nafasi yake. Viwanja vya Nyamagana, Mwanza, na Kaitaba, Bukoba, vimeonyesha kwamba uwanja wa kapeti unaweza kubeba mechi nyingi ambazo nyasi asilia zisingezistahimili. Kwa viwanja vya mikoa, shule na vituo vya vijana huo ni uamuzi wa busara. Ila nazo huisha na lazima zing’olewe, hushika joto kali mchana, na wachezaji wa ngazi ya juu wamezikataa waziwazi. Kombe la Dunia la Wanawake la 2015 nchini Canada lilipochezwa kwenye nyasi bandia, kundi la wachezaji lilikuwa limepeleka malalamiko yao mbele ya baraza la haki za binadamu. Uwanja unaotaka fainali za bara hauna budi kulipia nyasi hai na matunzo yake. Gharama hiyo ipimwe dhidi ya hasara ya kuikosa fainali: viingilio, biashara ya mama lishe na bodaboda, na heshima ya mji.

Muda wa kufanya kazi hiyo upo. Msimu unapoisha ligi husimama, masika yamepita, na joto la pwani bado linatosha kuotesha ukoka. Serikali, ambayo ndiyo mmiliki wa Mkapa, itangaze mambo matatu kila mwaka: idadi ya mechi na hafla ambazo nyasi zinaweza kubeba, tarehe za uwanja kufungwa kwa matengenezo, na matokeo ya vipimo vya udongo na mifereji. Klabu nazo zikubali kucheza mechi ndogo kwingine bila kunung’unika. Na mashabiki, badala ya kuuliza mechi ijayo ni lini tu, waulize pia eneo la kuchezea lilikaguliwa lini mara ya mwisho. Wana haki ya kujibiwa kabla ya masika.