Taa ya chumba cha upasuaji: kwa nini si taa ya kawaida?

Chagua mchele usiku chini ya balbu moja ya nyumbani. Ukiinamia ungo, kichwa chako kinazuia mwanga na kivuli kinaangukia palepale unapotaka kuona. Daktari anayempasua mama ili mtoto atoke hukutana na tatizo hilohilo, ila yeye anatafuta mshipa unaovuja damu.

Ndiyo maana taa ya upasuaji ni pana kama sinia na ina taa ndogo nyingi, zote zikielekea sehemu moja. Kichwa cha daktari kikizuia mwanga wa upande mmoja, wa pande nyingine unapita. Kivuli hakiishi kabisa, lakini kinakuwa hafifu.

Nguvu yake pia ni tofauti. Mwanga hupimwa kwa luksi. Jua kali la mchana hufikia takriban luksi 100,000. Kiwango cha kimataifa kinataka taa kuu ya upasuaji itoe kati ya luksi 40,000 na 160,000 ikiwa umbali wa mita 1. Balbu ya sebuleni kwa kawaida haifikishi hata 500.

Rangi nayo ina maana. Mwanga wa njano unaweza kuficha umanjano wa ngozi ya mtoto mchanga, hata katika chumba cha kawaida cha uchunguzi. Mwanga mweupe ulio sahihi humwezesha mhudumu kutofautisha damu, nyama na ngozi iliyopauka.

Taa za zamani zilitoa joto kali lililokausha kidonda. Za LED hazichomi hivyo, na hutumia umeme kidogo, kwa hiyo betri ya sola inaweza kuziwasha.

Umuhimu wa betri ulionekana mwaka 2008 kaskazini mwa Nigeria. Daktari wa Marekani, Laura Stachel, alishuhudia hospitali ikikosa umeme huku akina mama wakihitaji upasuaji. Yeye na mumewe, Hal Aronson, wakabuni sanduku dogo lenye taa, betri na paneli za sola. Baadaye masanduku ya aina hiyo yalifika katika vituo vya afya vya nchi nyingi za Afrika.

Je, tochi ya simu haitoshi? Huokoa pale ambapo hakuna kingine, lakini inahitaji mtu wa kuishika, mwanga wake hutoka sehemu moja tu, na simu hubeba vijidudu.

Kwa hiyo, msikilizaji, kwenye mkutano wa kijiji uliza kamati ya kituo chenu cha afya mambo matatu. Umeme ukikatika usiku, taa ya chumba cha kujifungulia inawaka kwa nini? Jenereta ikichelewa, kuna betri ya kushika nafasi hiyo mara moja? Na nani huipima betri hiyo na kufuta vumbi kwenye paneli? Betri huchakaa kimyakimya, na mara nyingi hugundulika imekufa usiku ule ule inapohitajika.