Nzi wa terasi: feni kwanza, dawa mwisho

Saa sita mchana Kolwezi, terasi zinapoanza kujaa, mama anayechoma samaki hana mkono unaopumzika. Mmoja unageuza samaki juu ya mbabula, mwingine unapunga kipande cha katoni. Kwa watu kama yeye, wauzaji wa dawa za nzi hawakosi soko. Wanapita na mishumaa yenye harufu ya mchaichai, koili, makopo ya kupuliza, taa za buluu zinazounguza wadudu, hata vichupa visivyo na lebo. Kila kimoja kinasifiwa kuwa ndicho kiboko ya nzi. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya mbu, na nzi si mbu.

Mbu hufuata pumzi na joto la mwili, hasa giza likishaingia. Ndiyo maana dawa ya kupaka kama DEET humfanya ashindwe kumpata mtu. Nzi wa nyumbani, Musca domestica, hana haja na damu yako. Yeye huvutwa na harufu ya chakula, taka na kinyesi, tena mchana kweupe. Jipake dawa ya mbu kuanzia shingoni hadi vidoleni, sahani yako ya bukari na samaki itabaki wazi kwake vilevile. Usiku ukifika dawa hiyo ya mbu ipake bila kusita, kwa sababu malaria ipo na inaua. Ila usiidai kazi isiyo yake.

Mtazame nzi anapotua kwenye samaki. Anaonja kwa miguu, kwa kuwa vionjio vyake viko huko. Meno hana. Kitu kikavu hawezi kukila mpaka akilainishe, kwa hiyo anatema juu yake mate yaliyochanganyika na alichokula kabla, kisha ananyonya kwa mdomo unaofanana na sifongo. Akishiba anajisaidia papo hapo. Ukitaka ushahidi, inua macho utazame waya wa taa au boriti ya paa la terasi: vile vidoa vyeusi vilivyojipanga ni vinyesi vyake, na vile vya rangi ya majani makavu ni matapishi. Hapo ndipo anapolala usiku, kwa hiyo hapo ndipo pa kuning'iniza karatasi ya gundi, mradi pasiwe juu ya meza.

Kama dakika tano kabla alikuwa chooni, umeshaelewa kilichofika kwenye sahani. Nchini Israeli watafiti walitega nzi kwa nguvu katika kambi za jeshi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1991. Nzi walipungua kwa asilimia 64, askari waliokwenda kliniki kwa kuhara wakapungua kwa asilimia 42, na wenye kuhara damu kwa bakteria wa Shigella wakapungua kwa asilimia 85. Utafiti mwingine, wa vijijini Pakistan, uliochapishwa mwaka 1999, ulikuta kwamba kudhibiti nzi kulipunguza kuhara kwa watoto kwa asilimia 23. Kipindupindu, ambacho hakijaacha kurudi katika Katanga ya zamani, hupita zaidi katika maji machafu, lakini nzi ni mshirika wake.

Basi mwenye terasi anunue nini? Anunue feni. Nzi wa nyumbani huruka polepole, kama kilomita 6 hadi 8 kwa saa, na upepo wa feni ya kawaida ya kusimama unatosha kumfanya ashindwe kutua. Upepo huohuo hutawanya harufu ya chakula, naye anapoteza njia. Ielekeze ipulize kwa ubavu, usawa wa meza. Hakuna moshi wala sumu, na mteja anapata ubaridi. Umeme wa Kolwezi hukatika, na si kila terasi ina jenereta, lakini feni ndogo za sola zinafanya kazi hii vizuri, na chakula kinachosubiri mteja kinafunikwa kwa wavu.

Lakini hapa kwetu feni ina sharti lake, na nalisema kwa uzito. Vumbi la mji huu si vumbi la hivihivi. Utafiti uliofanyika Kasulo, mtaa ambao watu walichimba kobalti katikati ya makazi, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vumbi la mtaa huo lilikuwa na madini mengi, na kwamba watu wanaoishi humo, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko wenzao wa mtaa wa jirani. Kwa hiyo mwagia sakafu maji kabla ya kuwasha, na usiweke feni ikivuta hewa kutoka upande wa barabara yanakopita malori. Iweke upande wa ukuta, ipulize kuelekea nje.

Mishumaa na mafuta ya mchaichai hayana madhara makubwa, ila kazi yake ni ndogo. Harufu ile huyeyuka upesi, na terasi haina kuta za kuizuia. Upepo kidogo tu, imekwenda. Koili ni hivyohivyo uwanjani, na ukiiwasha ndani ya chumba kilichofungwa inadhuru: kuna utafiti wa mwaka 2003 uliokadiria kwamba koili moja hutoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Mifuko ya plastiki yenye maji inayoning'inizwa mlangoni wengi wanaiamini. Ushahidi wa kueleweka kwamba inafukuza nzi hakuna.

Taa ya buluu inayounguza wadudu ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu ule mlio unampa mtu imani kwamba kazi inafanyika. Mchana, nje, jua huimeza nuru yake na nzi hawaijali. Mbaya zaidi, watafiti James Urban na Alberto Broce wa Chuo Kikuu cha Kansas State, Marekani, walionyesha kwamba nzi akipigwa na umeme ule hupasuka na kurusha hewani bakteria na virusi alivyobeba. Taa kama hiyo haifai kabisa juu ya meza ya chakula. Ukiwa nayo tayari, ipeleke stoo.

Mtego wa chupa unafaa, lakini mahali pake si pale wengi wanapouweka. Kata chupa ya plastiki, geuza shingo yake ndani, tia matumbo ya samaki na maji. Harufu hiyo huita nzi wa jirani wote, kwa hiyo uweke mbali na wateja, kando ya pipa la taka, wafe huko kabla hawajafika mezani.

Sumu nimeiacha mwisho kwa makusudi. Mwaka 1946, miaka michache tu baada ya DDT kuanza kutumika, Sweden tayari ilikuwa na nzi wasiokufa kwa dawa hiyo. Tangu wakati huo wamekuwa wakizizoea dawa moja baada ya nyingine, kwa kuwa wanazaliana haraka. Anayepuliza kila siku anawafuga wale wasiokufa. Na vile vichupa visivyo na lebo usivinunue kabisa. Baadhi ya sumu zinazouzwa rejareja namna hiyo ni dichlorvos, ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka katika kundi la sumu zenye hatari kubwa. Inashambulia mishipa ya fahamu ya nzi, na ya binadamu vilevile. Mtu akitokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano na pumzi ikambana baada ya kupuliza dawa, mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize hospitali na chupa mkononi. Usimpe maziwa, usimtapishe.

Hata ukichagua vizuri, nzi wataendelea kuja kama wanazaliwa nyuma ya ukuta wako. Jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja, na wakati wa joto yai huwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Maembe yanapoiva pamoja na mvua, maganda na kokwa vikirundikwa uani, parseli moja inatosha kulisha terasi tatu kwa nzi. Lakini hesabu hiyo ya siku inaweza pia kugeuzwa iwe upande wetu: taka zikitolewa mara mbili kwa wiki, funza hawapati muda wa kukomaa.

Kisha kuna choo. Nchini Zimbabwe katika miaka ya 1970, Peter Morgan wa Maabara ya Blair alifunga bomba refu la hewa lenye wavu juu yake kwenye choo cha shimo, ndani pakabaki na giza. Nzi waliozaliwa shimoni walifuata mwanga wa bomba, wakakwama kwenye wavu wakafa, na harufu ikatoka juu. Kwa siku 78 choo kisicho na bomba kilitoa nzi 13,953. Chenye bomba kilitoa 146. Bomba lizidi paa kwa nusu mita hivi, wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu, na mlango ufungwe.

Mwenye terasi, kabla ya kutoa faranga zako kwa mchuuzi wa dawa, zunguka nyuma uangalie pipa lako kama lina mfuniko na choo chako kama kina bomba. Ukikosa kimojawapo, fedha yako ianzie hapo, kisha ununue feni.