Je, Wajua? Kompyuta Husoma Bila Kuelewa

Je, wajua kwamba kompyuta ikikutana na neno "Victoria" mtandaoni haijui kama umetaja ziwa, maporomoko ya mto Zambezi, mji mkuu wa Shelisheli au malkia wa Uingereza? Inaona herufi nane, basi.

Wajua kwamba hali hiyo ilimkera hata aliyebuni wavuti? Tim Berners-Lee alipendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, Geneva. Mwaka 2001, yeye, James Hendler na Ora Lassila waliandika katika jarida la Scientific American kuhusu kurasa ambazo mashine nayo ingeambulia maana yake. Mfano wao: programu inayompangia mama mgonjwa miadi ya matibabu, huku ikipatanisha yenyewe ratiba za kliniki na nafasi za wanawe. Wengi wetu bado tunapiga simu kliniki.

Wajua kwamba msingi wa mpango huo ni sentensi zenye vipande vitatu tu? "Dodoma – mji mkuu wa – Tanzania." Muundo huo unaitwa RDF, na shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliupitisha mwaka 1999. Zikirundikana sentensi za namna hiyo kwa mamilioni, kompyuta inaweza kujibu swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliandikia jibu, mathalani wanariadha gani wa Kenya walizaliwa mwaka mmoja na marais wa nchi jirani.

Je, wajua kwamba katika hazina ya Wikidata, iliyofunguliwa Oktoba 2012, kila kitu kina namba yake? Ulimwengu ni Q1, Dunia Q2, uhai Q3, kifo Q4, binadamu Q5. (Kifo kimemtangulia binadamu kwenye foleni, tusiulize.) Afrika ni Q15, Kiswahili ni Q7838. Wapo pia waliojifurahisha: Q13 ni hofu ya namba 13, na Q42 ni Douglas Adams, mwandishi ambaye katika riwaya yake 42 ndilo jibu la maswali yote. Namba haibadiliki, usome kwa Kiswahili au kwa Kijapani.

Wajua tangazo linaloweza kukwama hapa kwetu? "Kikao saa 2 asubuhi." Kompyuta isiyojua desturi yetu ya kuhesabu saa tangu mapambazuko itakupangia kikao watu wakiwa wamelala fofofo. Kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, saa hiyo huandikwa 08:00+03:00, na hapo hakuna ubishi.

Je, wajua kwa nini mtambo wa kutafuta hukuonyesha muda wa kupika pilau kabla hujafungua ukurasa? Ndani ya ukurasa umefichwa mstari kama "cookTime": "PT45M", yaani dakika 45. Msamiati huo, Schema.org, ulizinduliwa Juni 2011 na washindani: Google, Yahoo na Microsoft.

Kabla yake, wenye tovuti walikuwa wakijitangaza kwa kuficha maneno muhimu ndani ya kurasa. Wakadanganya mno. Septemba 2009 Google ikatamka wazi kwamba haiyatazami kabisa maneno hayo inapopanga matokeo.

Na wajua kwamba jeni za binadamu zimebadilishwa majina kwa sababu ya Excel? Ukiandika jeni MARCH1, programu hiyo hudhani umeandika tarehe, ikaigeuza kuwa Machi mosi. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta makosa ya aina hiyo katika takriban makala moja kati ya tano za kisayansi zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikanyoosha mikono: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Microsoft ilikuja kuweka kitufe cha kuzima ubadilishaji huo mwaka 2023.